Mwenye Laini

Watu walianza kuona yule mwanamke wa kufua hayupo siku ya Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya mashuka mengi kuliko zote katika chumba cha kufulia cha hospitali. Wodi zote hushusha mashuka ya mwisho wa wiki kwa pamoja, ya damu yakiwa kwenye mafurushi yake na ya kawaida kwenye mengine, na yeye ndiye aliyekuwa akiyapokea na kuyatenganisha. Asubuhi ile mafurushi yalirundikana mpaka mlangoni. Msimamizi akamwambia dereva wa gari la nguo, "Mpigie huyo mwenzako, leo ameamkia wapi?" Dereva alipiga. Simu haikuita. Alipiga tena baada ya chai, akapiga na mchana, na kila mara alijibiwa na yule mwanamke wa mashine anayesema namba haipatikani. Jioni mashuka ya damu yalikuwa yameanza kunuka, msimamizi akayafua mwenyewe.

Chumba alichopanga kilikutwa kimefungwa kwa kufuli. Polisi walipovunja, walikuta kitanda kimetandikwa, sare ya kazi imeanikwa kwenye kamba ndani, na begi la nguo limesukumwa uvunguni. Pochi ilikuwa juu ya meza, kitambulisho kikiwa ndani yake. Vilivyokosekana ni ufunguo na simu.

"Mtu anayehama haachi kitambulisho," alisema Inspekta wa kitengo cha watu waliopotea. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kawaida ya kusimama katikati ya chumba na kukitazama kwanza kabla hajagusa kitu. "Alitoka kama mtu anayekwenda dukani."

Mwaka mmoja nyuma, mwanamke aliyepotea alikuwa amemwacha mumewe, dereva wa tipa la kokoto, akahamia upande wa pili wa jiji bila kumwambia ndugu yeyote anakokaa. Inspekta alianza na mume. Alimkuta nyumbani, akapewa kiti, akajibiwa kila swali kwa upole. "Mimi hata mtaa anaokaa siujui, afande," alisema mume. "Ningejua, ningekuwa nimeshamfuata nimwombe msamaha." Tangu siku hiyo alikuwa akimpigia Inspekta mara kwa mara kuuliza wamefikia wapi.

Hapakuwa na shahidi wala tone la damu. Ilibaki simu, na simu, hata ikizimwa, huacha nyuma alama za mahali ilikopita. Ndiyo maana Inspekta na Koplo wake walikuwa wamekaa katika ofisi ya mwanasheria wa kampuni ya simu, ghorofa ya juu kabisa, kwenye baridi ya kutunzia nyama.

Mwanasheria alikuwa kijana nadhifu. Aliwasukumia chupa za maji, akaisoma amri ya mahakama huku kidole kikifuata kila mstari, kisha akairudisha mezani taratibu kama kitu cha kioo.

"Dada Inspekta, samahani sana. Hii siwezi kuitekeleza."

"Ina muhuri wa hakimu."

"Muhuri hauna tatizo. Tatizo ni jina. Amri inanitaka nitoe taarifa za mteja huyu aliyetajwa hapa. Namba hii si ya mtu huyu."

"Ndiyo namba yake ya miaka yote. Mama yake anaipiga. Kazini wanaipiga."

"Kuitumia ni jambo moja. Mteja ni yule aliyesajiliwa."

"Ni nani?"

Mwanasheria akafungua mikono. "Hiyo nayo ni taarifa ya mteja. Faragha ya mteja hapa tunailinda kama mboni ya jicho."

"Ngoja nielewe," alisema Koplo. "Tukitaka jina tulete amri. Tukitaka amri tulete jina."

"Mnaweza kumwomba hakimu amri mpya, itaje namba badala ya jina."

"Mahakama imeanza likizo jana," alisema Inspekta. "Aliyebaki anasikiliza dhamana tu."

"Poleni."

Inspekta hakuinuka. Aliifungua chupa ya maji, akanywa kidogo.

"Basi nifundishe, maana kufundishwa hakuhitaji amri. Mnaandika nini kuhusu mtu?"

"Kwa mahali alipo? Simu ikiwa imewashwa, inajitambulisha kwa mnara ulio karibu. Akihama, inajitambulisha kwa mnara mwingine. Minara ikibanana, kama huku mjini, tunajua mpaka uchochoro. Nje ya mji mnara unabeba eneo kubwa, kwa hiyo hatuna uhakika sana."

"Hata asipopiga?"

"Hata ikiwa mfukoni. Yenyewe inabisha hodi."

"Na hodi zote mnazitunza."

"Mashine inazitunza."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Mteja. Alikubali masharti alipochukua laini."

"Kuna mtu amewahi kuyasoma hayo masharti?" aliuliza Koplo.

"Mimi nimeyasoma. Ndimi niliyeyaandika."

Inspekta akaifunga chupa. "Na ukiacha mahakama, nani mwingine anaweza kupewa?"

"Mteja mwenyewe, hiyo ni haki yake. Akienda duka letu lolote na kitambulisho chake na kidole chake, anapewa palepale. Hatumwulizi hata sababu."

Kwenye lifti Koplo alikuwa tayari na jibu.

"Kuna mwanaume hapo, afande. Mwanamke kaachana na mumewe, ana simu nzuri, laini ina jina la mtu mwingine. Huyo mtu ndiye aliyemnunulia vyote. Na nani alimpigia Jumatatu kutwa nzima? Dereva wa nguo. Mtu anapigapiga simu ili aonekane ana wasiwasi."

"Twende tukamwone," alisema Inspekta.

Dereva wa gari la nguo aliitwa Redio na hospitali nzima, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Walimkuta nyuma ya jengo akishusha mafurushi. Aliendelea kushusha huku anahojiwa.

"Simu ilikuwa yangu ya zamani, ndiyo. Ina ufa hapa pembeni, nilikaa juu yake. Nikamwachia yeye. Kwani kumwachia mtu simu ni kosa siku hizi?"

"Ulikuwa nani kwake?"

"Afande, unaliona lile dirisha la jiko? Kuna mama mnene ananitazama sasa hivi, ameshika mwiko. Yule ni mke wangu. Ananitazama hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, miaka yote. Ungekuwa wewe, ungethubutu?"

Koplo akageuka. Mama wa dirishani alimpungia mwiko.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Gereji. Gari lilikufa klachi, nililala chini yake kutwa. Fundi yupo, mlinzi yupo, na mafuta hayajatoka kwenye kucha, angalia."

"Kwa hiyo simu ilitoka kwako. Na laini?"

"Laini alikuja nayo. Tena tulibishana. Nilimwambia, shemeji, namwita shemeji kwa utani tu, mtu akikimbia anakimbia na namba pia. Umehama nyumba, umebadili kazi, umebaki na namba ileile, huyo bwana si atakupigia mpaka uchoke? Akasema akipiga hapokei. Lakini kuitupa hawezi, kwa sababu ya mama yake. Mama hakusoma. Ameikariri ile namba moja kichwani tangu mtoto yuko bweni, na nyingine haiingii. Akasema, nikiitupa hii, mama atanipata wapi?"

Redio akasimama na furushi begani.

"Tangu yuko bweni," alirudia Inspekta.

"Ndivyo alivyosema."

Koplo alikwenda gereji, akarudi. Fundi alithibitisha, mlinzi alithibitisha, na klachi mbovu ilikuwa bado imetupwa ukutani.

"Nimekosea," alisema.

"Hujakosea sana. Kweli laini ina jina la mwanaume. Mwanafunzi wa bweni ana kitambulisho?"

"Hana. Mpaka afikishe umri."

"Basi nani anamsajilia laini?"

Wote wawili walikuwa wamempita mtu huyo asubuhi ile, pale kwenye benchi la mapokezi.

Baba wa mwanamke aliyepotea alikuwa akija kituoni kila siku tangu taarifa ilipofunguliwa. Alikuwa mpiga chapa mstaafu. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaweka kofia juu ya magoti, akangoja bila kumsumbua mtu. Askari wa mapokezi walishazoea kumwekea kikombe cha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna neno?"

"Kuna swali. Ile laini ya binti yako, aliisajili nani?"

"Mimi. Alikuwa anakwenda bweni, hana kitambulisho, nikaweka changu."

"Haikubadilishwa baadaye? Alipokua, alipoolewa?"

"Nani angekumbuka? Ilikuwa inaita, basi."

"Basi kwa kampuni ya simu, mteja ni wewe. Sisi wametufungia mlango, wewe hawawezi. Twende dukani kwao, ukaombe njia zote simu ile ilizopita. Huenda kabla jua halijazama tukajua alipo."

Mzee aliizungusha kofia magotini. Inspekta alikuwa ametarajia ainuke haraka. Hakuinuka.

"Duka lipi?"

"Hili la karibu, mkabala na posta."

"Hakuna jingine?"

"Lipo, mbali. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Hili la hapa lina foleni ndefu."

Inspekta alimtazama. "Tuna gari la polisi, mzee. Foleni haitatusumbua."

Njiani mzee alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Mara moja alisema, "Mwanangu," na Inspekta alipogeuka akasema, "Hapana, endelea."

Duka lilikuwa na viti vya plastiki na bango kubwa la familia inayocheka na simu. Msichana wa kaunta aliinua macho, akamwona mzee kabla ya kuwaona askari, akatabasamu.

"Shikamoo, mzee wa kidole. Simu ilipatikana?"

Mzee hakuitikia salamu.

"Simu gani?" aliuliza Inspekta.

Msichana aliangalia sare, tabasamu likapungua. "Si ile aliyoipoteza? Namkumbuka kwa sababu mashine ilimkataa. Alama za vidole vyake zimelika. Tulipangusa kwa spiriti, mara tatu sijui, ndipo ikasoma. Akaomba huduma ya kutafuta simu."

"Nieleze hiyo huduma. Polepole."

"Mteja akipoteza simu, anakuja na kitambulisho. Tukimsajili, kila baada ya saa chache, na kila laini inapohama sehemu, anatumiwa ramani. Mwenye simu, yaani aliyeiiba, hapati ujumbe wowote, ili asishtuke. Inaendelea mpaka mteja aje kuifunga."

"Na ramani zilikuwa zinakwenda kwenye simu ya mzee?"

"Hapana. Simu yake ni ya vitufe, haifungui ramani. Alisema tumtumie kijana wake." Alibonyeza kompyuta. "Siwezi kukutajia namba, afande, lakini mwenyewe akikubali..."

"Mtajie," alisema mzee.

Msichana akaitaja. Inspekta aliibonyeza kwenye simu yake mwenyewe, tarakimu moja moja. Kabla hajaimaliza, simu ilimletea jina alilokuwa amelihifadhi. Ilikuwa namba ya mume.

Aliizima skrini, akavuta viti viwili vya plastiki mpaka pembeni, mbali na watu. Mzee akakaa.

"Lini?"

"Kama siku kumi kabla hajapotea. Mumewe alikuja nyumbani na mjomba wake. Alipiga magoti mbele yangu, mtu mzima, machozi yanamtoka. Akasema, baba, nionyeshe tu alipo, nikaombe radhi. Nikasema sijui alipo, mtoto hajaniambia. Akasema, si laini ni yako, baba? Ukienda wewe watakupa. Mimi nilikuwa hata sijui kama kitu hicho kipo."

"Mama yake alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alisema, mwache mtoto. Nikamwambia wewe hujui mambo ya ndoa."

"Binti yako aliwahi kukuambia kwa nini aliondoka?"

Mzee alitazama mikono yake. "Aliwahi kunionyesha mkono, hapa juu. Ulikuwa umevimba. Nikamwambia nitazungumza na mumewe."

"Ulizungumza?"

"Nilizungumza. Alisema ni hasira tu, hatarudia."

"Na umekaa kwenye benchi letu siku zote hizi, mzee. Mume anatuambia hajui hata mtaa. Kwa nini hukusema?"

"Aliniambia hakumkuta. Alisema ramani zilimchanganya, akaachana nazo." Aliikunja kofia yake. "Nilikuwa nakuja kila siku mniambie kwamba alisema kweli."

Koplo aligeukia bango la familia inayocheka, akabaki kulitazama.

"Mzee, nisikilize vizuri," alisema Inspekta. "Ramani zote walizomtumia ziko kwenye kompyuta ile. Wewe ukiziomba, zinachapishwa sasa hivi. Siwezi kukulazimisha, na kila utakachokitoa kitasomwa mahakamani, pamoja na nani aliomba na nani alitumiwa. Ukikataa, nitasubiri mahakama ifunguliwe."

"Na yeye?"

"Kama yu hai mahali, kila siku tunayosubiri anaipoteza yeye."

Mzee aliinuka, akaenda kaunta, akaweka kidole kwenye kioo. Mashine ikalia, ikakataa. Msichana akatoa pamba na spiriti, akampangusa. Ikakataa tena. Mara ya tatu mzee alikikandamiza kidole kwa mkono mwingine, kama mtu anayegonga muhuri, na taa ikawa kijani.

Zilikuwa karatasi nyingi. Inspekta alizitandaza juu ya kaunta ya pembeni, na Koplo akazipanga. Siku baada ya siku zilionyesha duara mbili tu, moja kwenye hospitali na nyingine kwenye uchochoro wa chumba chake. Kwa mtu anayemtafuta mkewe, hizo zilitosha. Angejua anatoka wapi, anakwenda wapi, anarudi wapi.

"Haya maneno pembeni ni nini?" Inspekta alimwuliza msichana.

"Hiyo ni hali ya ujumbe. Umefika, umefunguliwa."

"Kwa hiyo mnaona hata kama ameifungua."

"Mashine inaona."

Inspekta alishuka na kalamu mpaka Jumapili. Asubuhi, chumbani: umefunguliwa. Mchana, chumbani: umefunguliwa, umefunguliwa tena. Alasiri laini ilihama kidogo, mpaka barabara ya maduka, mwendo wa mtu anayekwenda kununua kitu na kurudi: umefunguliwa. Ramani iliyofuata ilikuwa barabara kuu ya kutoka mjini. Umefika. Iliyofuata, mbele zaidi. Umefika. Mnara baada ya mnara, kwa kasi ya gari. Umefika. Umefika.

"Ameacha kufungua," alisema Koplo. "Huenda alichoka, kama alivyomwambia mzee."

"Alifungua kila moja kwa siku kumi. Akachoka dakika ileile laini ilipopanda gari?" Inspekta aliweka kalamu kwenye barabara ya maduka. "Mtu anaacha kutazama ramani akishafika. Hapa alikuwa ameshamshika."

Karatasi ya mwisho ilikuwa na duara kubwa kuliko zote, mnara mmoja peke yake nje ya mji. Ndani ya duara hapakuwa na nyumba. Palikuwa na njia ya vumbi, na machimbo ya kokoto ya zamani yaliyoachwa, yenye geti. Baada ya hapo laini haikubisha hodi tena popote.

"Jumapili hakuna anayeingia kule," alisema Koplo. "Geti linafungwa."

"Nani wana ufunguo?"

"Madereva wa tipa. Wanamwaga kifusi huko."

Mzee alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

"Mpigie mkuu wa zamu," Inspekta alimwambia Koplo. "Mume akamatwe kabla hajasikia kwamba tumefika hapa. Tipa lake lisiguswe, lisioshwe."

Msichana wa kaunta alikohoa kidogo. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kazi ilikuwa haijaisha. "Mzee, samahani. Huduma bado iko wazi. Simu ile ikiwashwa, ramani itakwenda kwenye namba ileile. Niifunge?"

"Mlikuwa mnangoja nije niseme?"

"Ni mpaka mteja mwenyewe aseme."

"Funga," alisema mzee.

Mume alikamatwa kwenye uwanja wa kuegesha matipa, akingoja zamu yake. Askari waliomkamata wanasema hakuuliza kosa lake ni nini. Mfukoni alikuwa na funguo za geti, na simu iliyokuwa bado na ujumbe ambao haukufunguliwa.

Jioni hiyo Inspekta alimrudisha mzee nyumbani mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni, simu ya vitufe mkononi, akibonyeza namba aliyoikariri. Mzee alishuka, akavua kofia, akaingia ndani. Inspekta ndiye aliyebaki mlangoni kumweleza.

Mashine ya kuchimba inaingia machimboni asubuhi. Mzee ameandikwa kuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na amesema hataweza kutazama. Kama kuna mtu wa kutambuliwa, atakayekuja kumtambua ni mama.